Mama Tréso na Watu Waliopakwa Poda

Hakuwahi kugonga mlango. Alisimama nje ya ofisi, akakohoa kidogo, akangoja. Kama hukumsikia alikohoa tena, safari hii kwa hasira, kana kwamba wewe ndiye uliyemweka juani. Nilifanya naye kazi miaka mingi katika nyumba ndogo ya uzazi huko Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, na sikumbuki siku aliyoingia kabla sijasema, "Karibu, mama." Ofisi ilikuwa yake na ufunguo ulikuwa wake. Mimi nilikuwa mtu wa kompyuta tu.

Alishika hazina ya chama kilichoendesha nyumba ile, kwa hiyo watu wote walimwita Mama Trésorière, na kwa mkato Mama Tréso. Hata mume wake, mstaafu wa reli, mtu mpole aliyependa redio kuliko watu, alimwita hivyohivyo. Niliwahi kumsikia akimwambia mkewe, "Mama Tréso, chumvi imekwisha," kama mtu anayeomba kibali serikalini.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye viatu vya plastiki masika na viatu hivyohivyo kiangazi. Mkoba wake ulikuwa na pipi za koo, rozari na kibao kidogo cha kukalia, kwa sababu hakuamini viti vya watu. Kwa ubahili hakuwa na mpinzani. Nimemwona akipatana bei ya nyanya mpaka muuzaji akamwomba Mungu amchukue. Mkwe wake, baba wa wajukuu wake wanne, alikuwa bado hajamaliza mahari: ilibaki mbuzi mmoja. Kila Noeli, kijana wa watu akiwa ameshika kijiko mkononi, mama mkwe alimuuliza mbele ya wageni, "Na mbuzi yetu, iko mu njia?"

Mama huyohuyo, kwa wafadhili wa nyumba ya uzazi, alikuwa na moyo mwingine kabisa. Sikuuelewa, na kwa muda mrefu uliniudhi.

Nyumba yetu iliishi kwa ahadi. Wazazi wa mtaa walilipa kidogo, wengine hawakulipa kitu, na pengo lilizibwa na wafadhili wa hapa Lubumbashi pamoja na shirika moja la ng'ambo. Wa hapa tuliwakusanya uani mara moja kwa mwaka, Jumapili baada ya misa. Mtu aliitwa, akashika maikrofoni, akasema mbele ya wote: mimi nitaleta magodoro, mimi nitalipa mkunga mmoja. Hapo akina mama walimrukia kwa vigelegele wakampaka poda shingoni na kifuani mpaka koti likawa jeupe. Nimewaona maprofesa wa chuo kikuu cha Kasapa wakirudi kwenye magari yao kama watu waliotoka kinuni, wakicheka peke yao. Mimi niliandika majina na ahadi, lakini kwa Mama Tréso maandishi yangu yalikuwa kitu cha baadaye. Jambo lilikuwa limekwisha kufungwa na poda.

Mfadhili aliyeshindwa kutimiza, Mama Tréso hakumwandikia barua wala kumpigia simu. Alimwendea. Alimchukua mtu mmoja wa chama awe shahidi, wakaketi kwa mwenye nyumba, wakala walichopewa, wakauliza habari za watoto. Fedha haikutajwa. Walingoja mpaka mwenyewe aseme. Wengine walisema siku ileile, wengine walihitaji ziara tatu au nne, lakini mwisho lilitoka: "Mama, nimeshindwa." Naye alijibu, "Tumesikia, papa. Ikala na amani." Wakashikana mikono, wakamaliza chakula. Kesho yake nilisikia kikohozi mlangoni.

"Ule wa magodoro, umutoe. Amesema mwenyewe."

Watu walimpenda kwa hilo. Niliona matajiri waliofilisika wakimsindikiza mpaka barabarani wakiwa wameshika kibao chake, nyuso zao zimepata nafuu. Mwaka uliofuata baadhi yao walirudi na kuahidi upya, kwa kuwa hakuna aliyewaaibisha. Nikimwambia kwamba tunapoteza muda na nauli, alinijibu kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi: "Weye ulisoma, mutoto yangu. Kula pipi."

Kisha shirika la ng'ambo likatuletea programu ya kompyuta ya kufuatilia wafadhili. Kila ahadi ilikuwa na mstari wake. Muda ukipita, mstari unageuka manjano. Ukipita zaidi, unageuka mwekundu, na pembeni kinatokea kitufe cha kuihesabu ahadi hiyo kuwa imepotea. Ukikibonyeza, fedha ile inaondoka katika hesabu ya fedha zinazotazamiwa. Ili mtu mmoja asifanye hila, mimi niliweza kupendekeza tu. Kuthibitisha kulihitaji neno la siri la mweka hazina, na Mama Tréso alilitunza neno hilo kichwani, hakumwambia hata padri.

Siku ya kwanza nilipomwonyesha, alivuta kibao chake karibu na skrini.

"Hii irrécouvrable ni nini?"

"Ni kusema haiwezi patikana tena, mama."

"Nani anasema? Yeye mwenyewe?"

"Hapana. Programu. Muda umepita."

"Programu ilienda kwake? Ilikala? Baliipa hata mayi ya kunywa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alitaka kujua kitufe kile kinauliza nini zaidi, nikamwonyesha: kinataka sababu, na sababu zimekwisha kuandikwa, unachagua moja. Amekufa. Amehama. Amekataa.

"Na vita?" akauliza, kwa sababu wakati ule habari za mashariki ya nchi zilikuwa zimeanza kuwa mbaya.

"Haiko, mama."

"Na aibu?"

"Haiko."

"Sasa hii machine inajua bantu gani?"

Basi tuliishi hivyo, mistari myekundu ikiongezeka na yeye akiendelea na ziara zake, mmoja mmoja, kwa miguu. Ripoti zetu zilionyesha tunatazamia utajiri. Mkunga mkuu, mama mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, akinunua glavu kwa mkopo, alikuwa akisema kwamba katika kompyuta sisi ni hospitali ya Ulaya.

Mtu aliyepakwa poda kuliko wote alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu Kaskazini. Tulimwita Papa Grossiste. Alikuwa na depo ya sabuni, mafuta ya kupikia na maharage, na malori yaliyofanya safari ndefu. Mke wa mwanawe alijifungulia kwetu katika hali ambayo wengine walikuwa wameanza kulia, na mama na mtoto wakatoka wazima. Papa Grossiste alisimama uani siku ya ahadi akasema atalipa wakunga wote na mafuta ya jenereta kwa mwaka mzima. Akina mama walimaliza kopo zima juu yake. Alipiga chafya kama mtoto, na sisi wote tukaona kwamba mwaka huo tumeokoka.

Alilipa mwanzo wa mwaka vizuri. Kisha vita vikaingia katika miji ya mashariki, na kila kitu chake kilikuwa kule: maghala, mabenki alimoweka akiba, ndugu zake waliopakia malori. Barabara zikafungwa. Hapa Lubumbashi tuliishi na simu mkononi, kila mtu akimtafuta mtu wake. Bei zilipanda, wafanyabiashara wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni, nani bado anasimama na nani anaanguka. Mstari wa Papa Grossiste ukawa wa manjano, halafu mwekundu. Wakunga walifanya kazi bila mshahara.

Wakati huo ndipo tulipopigiwa simu na kijana wa shirika la ng'ambo, mwenyeji wa Bukavu aliyekuwa akifanya kazi Kinshasa. Tulimwona kwenye skrini, shati limenyooka, macho ya mtu asiyelala. Kulikuwa na mfuko wa dharura kwa nyumba zilizopoteza wafadhili kwa sababu ya vita. Ungetosha kutuvusha. Lakini wakubwa wake waliangalia ripoti ya programu, basi.

"Mama, ripoti yenu inaonesha munangojea franga mingi kupita matumizi yenu," alisema. "Kama hizo franga ziko, hamuna lazima ya zetu. Kama haziko, muzitoe. Mubonyeze tu, leo ao kesho. Nitatuma dossier yenu mimi mwenyewe."

"Ni ahadi, mutoto yangu. Mwenyewe hayasema kama ameshindwa."

"Ninaelewa, mama. Lakini programme haielewi."

Hakuwa mtu mbaya. Ningependa kusema alikuwa na kiburi, ningepata mtu wa kumkasirikia. Alitupa siku chache na akatuomba, karibu kwa kupiga magoti, tusizipoteze.

Nilidhani Mama Tréso atabonyeza. Wote tulidhani. Nilimwandikia kijana yule barua ya kueleza hali, akajibu kwamba barua haiingii katika hesabu. Mkunga mkuu alikuja ofisini na vazi lake la kazi, akasimama mbele ya mama aliyeketi kwenye kibao chake.

"Mama Tréso, futa tu. Ile iko chiffre, namba tu."

"Na kamati?"

Hapo ndipo lilipokuwa fundo. Kwa kanuni zetu, ahadi iliyofutwa ilisomwa kwa sauti mbele ya kamati ya chama, jina na kiasi. Na katika kamati yetu walikaa wafanyabiashara wawili ambao ndio walikuwa wakimpa Papa Grossiste mali kwa mkopo ili aendelee kufungua depo yake kila asubuhi. Siku jina lake litakaposomwa kwamba hana kitu, jioni hatakuwa na mkopo. Kesho yake hatakuwa na depo. Akisema mwenyewe kwamba ameshindwa, mambo ni yaleyale, maana shahidi ana mdomo. Kwa hiyo yeye hakuweza kusema, na mama hakuweza kufuta mtu ambaye hajasema. Upande wa pili walikuwa wajawazito wa Annexe nzima, wakija kila asubuhi na vikapu vyao, bila kujua kwamba kuna kitufe.

Siku ya mwisho tulikwenda kwa Papa Grossiste, mimi nikiwa shahidi. Alitupokea vizuri sana. Alitupa viti, soda, karanga. Depo ilikuwa imejaa makatoni ya sabuni mpaka juu, ukuta kwa ukuta, na nilipoona vile nilianza kumkasirikia moyoni. Mama Tréso alikataa kiti, akaweka kibao chake chini, na alipokuwa akikaa alishika katoni moja ili asianguke. Katoni ikateleza kama kikapu kitupu. Ile ya juu yake ikaanguka miguuni pangu, nyepesi, mdomo wazi. Ndani hamkuwa na kitu.

Papa Grossiste aliiokota. Aliirudisha mahali pake, akaisawazisha pembe kwa vidole viwili, akakaa. Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema wazee, na sasa tulikuwa kata tatu tumeketi tukitafuna karanga.

"Batoto habajambo?" Mama Tréso akauliza.

"Habajambo, mama."

"Na ule mudogo, wa kwetu?"

"Anatembea. Anavunja bintu yote."

Walizungumza hivyo muda mrefu. Mimi nilikuwa nikimwomba mtu yule kimoyomoyo: sema. Sema neno lile moja, mama akujibu, turudi, tubonyeze, tupone. Nilikuwa tayari kuapa kwamba sitamwambia mtu. Alinitazama mara moja, na nikaona kwamba anajua ninachoomba, na kwamba anapima mdomo wangu. Kisha akasimama.

"Mama, mwisho wa mwezi. Gari iko mu njia."

"Muzuri, papa," mama akajibu. "Tutangojea."

Njiani nilitembea mbele yake. Nilikuwa na hasira ya kumtosha yeye na Papa na vita vyenyewe. Tulipofika aliketi mbele ya kompyuta, nikamfungulia ukurasa, nikabonyeza upande wangu wa kupendekeza. Kisanduku cha neno la siri kikatokea. Aliandika herufi mbili. Akasimama hapo, kidole hewani. Nje mwanamke mmoja alikuwa akilia kilio kile cha uchungu tunachokijua, na mkunga mkuu alikuwa akimwambia asukume.

Mama Tréso alifuta zile herufi mbili. Alichukua mkoba wake.

"Siweze kumuua muntu mu bureau," akasema.

Ripoti ilikwenda na mistari yake myekundu. Fedha za dharura zilipewa nyumba nyingine. Papa Grossiste alifungua depo yake miezi kadhaa zaidi, halafu wiki moja haikufunguliwa. Watu walipovunja mlango walikuta makatoni. Walisema amevuka kwenda Zambia na familia yake, na hivyo kile ambacho mama alikuwa amekificha kwa gharama ya nyumba nzima kikajulikana sokoni kwa asubuhi moja.

Jambo la mwisho la kuchekesha, kama bado una hamu ya kucheka, ni kwamba shirika lenyewe la ng'ambo lilianguka. Serikali iliyokuwa ikilipa fedha zake iliacha kulipa. Tulipata ujumbe mfupi wenye shukrani nyingi, na ahadi yao kwetu ya mwaka ule, ile sehemu iliyokuwa imebaki, nayo ikageuka nyekundu. Nilimwambia Mama Tréso kwamba hawa angalau tunaweza kuwafuta, wameandika. Alikataa. Ujumbe haukuwa na jina la mtu, alisema. Mtu aje aseme. Nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza, na nadhani aliiona, kwa sababu hakunipa pipi.

Wakunga waliondoka mmoja mmoja. Mkunga mkuu alikwenda kulima kwao Lukafu. Vitanda viliuzwa, na jengo likapangishwa kwa muuza saruji. Chama kilipovunjwa, aliyepewa kazi ya kufunga hesabu alipata kibali cha juu cha programu na akafuta ahadi zote kwa mkupuo, akiwa Kinshasa. Kwenye sehemu ya sababu alichagua "amehama", kwa wote.

Nilikaa muda mrefu bila kwenda kumwona mama. Nilipokwenda, nilimkuta mbele ya nyumba yake, adhuhuri, akichambua matembele. Mume wake alikuwa amefariki, na nikatoa pole iliyochelewa. Alinipa kile kibao, yeye akakaa juu ya ndoo. Alikuwa amekonda. Aliniuliza habari za wote na nikamweleza, pamoja na ule ufutaji wa Kinshasa. Aliendelea kuchambua.

Nilikuwa nimekuja na jambo moja. Nilikuwa nimeonana na yule kijana wa Bukavu, sasa hana kazi kama sisi, naye alinieleza kwamba nyumba zilizopata mfuko wa dharura zilipata fungu la kwanza peke yake kabla shirika halijaanguka. Zote zimefungwa. Kwetu zingekuwa siku chache za kuongeza, kisha yaleyale. Nilitaka mama ajue kwamba hata angebonyeza, tusingepona.

"Donc, basi, si mimi," alisema taratibu.

"Si weye, mama. Hata kiloko."

Alikuwa ameacha kuchambua. Uso wake ulianza kulegea, na nilifurahi, nasema kweli, nilijiona kwamba hatimaye nimemletea kitu. Ndipo pikipiki iliposimama mbele yetu kwa vumbi. Ilibeba dereva, msichana aliyeshika kikapu cha nguo, na katikati yao mwanamke mjamzito aliyeinamisha kichwa mgongoni mwa dereva. Kanga yake ilikuwa imelowa.

"Mama, samahani," yule msichana akasema. "Balituambia maternité iko hapa karibu. Iko wapi?"

Mama Tréso alisimama. Mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka kuelekea kule kwenye jengo letu la zamani. Akaushusha.

"Haiko tena, mwana. Balifunga."

"Na ingine?"

"Paka ku ville, kule mujini."

Msichana alitazama barabara, mashimo yake yote, akatazama dada yake. Dereva aliwauliza kama wanakwenda au hawaendi. Mama Tréso alimfungia yule mwanamke kanga vizuri kiunoni, akamwambia apumue kwa mdomo, akampiga dereva begani: "Polepole, lakini usisimame." Wakaondoka. Tulisikia pikipiki ikipunguza kwenye kila shimo, na kila mara ilipopunguza tulisikia na sauti ya yule mwanamke, mpaka tukawa hatusikii.

Nilianza kumweleza tena mambo ya fungu la kwanza. Nilieleza vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza. Alikuwa bado anaitazama barabara, matembele yamemwagika miguuni pake.

"Atafika?" akauliza.

"Atafika, mama."

Akaniuliza kama nimechukua namba ya simu ya yule dereva, ili tujue.

Sikuwa nimechukua.